Udhuru wa Asiyekusudia

Enyi ndugu zetu, mvuvi husema: "Kasa sikumkusudia, kaingia jarifeni mwenyewe." Nasi twasema: kutokusudia humwondolea mtu dhambi, lakini hakuondoi madhara, ndiyo maana mafakihi humlipisha aliyeharibu mali ya mwenziwe kwa kukosea. Na kasa huvuta pumzi kama sisi. Akizuiliwa chini ya maji, hufa. Basi ajuaye hayo, kisha akaliacha jarife usiku kucha bila ya kulikagua, huyo hakukosea, amepuuza. Huko Watamu, tangu mwaka 1998, mvuvi aliyenasa kasa huwaita watu wa jumuiya ya Local Ocean Conservation, akalipwa kidogo kwa taabu yake, na kasa akarudishwa baharini. Njia ikishapatikana, "sikukusudia" ni udhuru gani tena? Na tuzikague nyavu zetu kabla hatujaulizwa.