Juu ya Tiba ya Macho kwa Leza, na Gharama Yake

Kila mwaka minada ya korosho ikiisha kupita, na fedha zikiisha kuingia nyumbani, swali hili hurudi: Je, tiba ya macho kwa leza yastahili gharama yake? Wenye kuuliza wamesikia habari zake mjini Mtwara, au wameona tangazo katika simu, nao wataka jibu la neno moja. Jibu hilo siwezi kulitoa, maana jina la leza ni moja, bali kazi zake katika jicho ni nyingi, wala hazifanani. Asemaye kwamba leza ni njema ni kama asemaye kwamba kisu ni chema. Yafaa kwanza tumwulize kimeshikwa na nani, nacho chakata nini.

Leza ni mwanga tu, lakini mwanga uliokusanywa ukapelekwa njia moja, hata waweza kukata au kuchoma mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Kazi yake itangazwayo kuliko zote ni kuwaondolea watu miwani. Jicho la mtu asiyeona mbali mara nyingi limerefuka kidogo kupita kiasi, nayo picha ya vitu huangukia mbele ya ukuta wa nyuma wa jicho badala ya kuufikia. Miwani huirudisha mahali pake. Leza hulichonga lile tabaka angavu la mbele, liitwalo konea, hata umbo lake lenyewe lifanye kazi ya miwani. Njia iitwayo LASIK, yaani kufunua utando mwembamba wa juu, kuchonga chini yake, kisha kuurudisha, ilianza katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, yapata mwaka 1990, kwa mkono wa daktari Ioannis Pallikaris. Siku hizi hata Nairobi hufanywa, kwa fedha ambayo kwetu huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi.

Waliofanyiwa, walio wengi hufurahi, wala si haki kulificha jambo hilo. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya watu 95 katika kila 100 waliridhika. Lakini uchunguzi uo huo uliwauliza wale ambao hapo kwanza hawakuwa na taabu ya kuona miale wala duara kuzunguka taa. Miezi mitatu baadaye zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa nayo, ijapokuwa wachache sana ndio waliozuiwa kazi zao. Tena wengine walipata ukavu wa macho. Mambo haya mtu wa ofisini huyavumilia. Mvuvi wa Msimbati atokaye usiku na taa za dagaa, au mkulima apulizaye salfa katika mikorosho yake na macho yakimwasha, hana budi kuyafikiri mara mbili.

Liko neno jingine ambalo matangazo hulipita upesi. Mtu akifikia umri wa miaka arobaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho lake hukakamaa, na herufi za karibu humkimbia. Mimi mwenyewe ni wa rika hilo. Miwani yangu ya kusomea huikuta kila siku mahali nisipoiweka. Basi LASIK haizuii jambo hili. Aliyechongwa jicho ili aone mbali vizuri akiwa na miaka 25 atakuja kuitafuta miwani ya kusomea kama sisi wengine. Wala miwani hiyo isidharauliwe. Huko Bangladesh, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea tu walionekana mapato yao kuongezeka kwa theluthi moja hivi, kupita ya wale ambao hawakuipata. Sijui mashine gani ya mamilioni iwezayo kujisifu hivyo.

Je, kutaka kuondolewa miwani ni dhambi ya majivuno? Wako wazee wa kanisa wasemao hivyo, nami sikubaliani nao. Kijana mwenye mshahara wake akinunua pikipiki hatumkemei, wala sijasikia mtu ametengwa kwa ajili ya kununua simu kubwa. Tena wako watu ambao miwani yawazuia kazi kweli, kama mzamiaji. Mtu huyu, ikiwa amepita miaka 18, na namba ya miwani yake imetulia, na daktari ameipima konea yake akaiona si nyembamba wala haichongoki, na alipe kwa fedha yake, aende kwa amani. Daktari amwambiaye, "Jicho lako halifai kwa tiba hii," na amshukuru, kwa maana amekataa fedha kwa ajili yake.

Lakini kwetu ni mara chache fedha ya mtu kuwa yake peke yake, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Tutazame ukoo mmoja kando ya Mto Ruvuma, upande wa Kitaya au Mahurunga. Kijana amekwenda kwa mjomba wake, kama desturi ilivyo, maana mjomba ndiye mwenye neno.

"Mjomba, miwani yanisumbua sana. Naomba ukoo unichangie niende Nairobi kwa tiba ya leza."

"Na bibi yako je, mpwa wangu?"

"Bibi amezeeka, mjomba. Mwenyewe asema aliyoyaona yamemtosha."

Bibi huyo ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kijana hakusema uongo. Neno hilo bibi alilisema kweli. Bali sisi tuliozaliwa huku twajua namna wazee wetu wanavyonena. Mzee hataki kuwa wa kwanza kunyosha mkono mbele ya wajukuu. Asema ameshiba ili watoto wale. Kulichukua neno la adabu kana kwamba ni hati ya kuacha haki yake ni kumnyang'anya huku tukimsifu. Tena bibi haoni peke yake gizani: yuko mjukuu wa miaka tisa anayemwongoza kwa fimbo, naye siku za shule huonekana kisimani na njiani kwa jirani. Kipofu mmoja katika nyumba amefunga milango miwili.

Yule kijana, akivaa miwani yake, aona sawasawa. Bibi hana miwani iwezayo kumfaa. Basi katika mfuko wa ukoo hawa wawili hawasimami mstari mmoja, hata kijana akiwa ndiye atakayeishi miaka mingi zaidi. Najua wako watakaosema kwamba fedha na ifuate miaka iliyobaki. Kwa hesabu hiyo hakuna mzee atakayetibiwa jicho tena katika mkoa huu, na watoto wengi watashika fimbo.

Na dawa ya bibi ni ipi? Wengine hudhani kwamba naye amhitaji leza, na kwa kuwa ni ghali, humwacha akae. Hili ni kosa la kusikitisha. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyopata ukungu. Hutolewa kwa tundu dogo, mara nyingi bila kushonwa, na lenzi ya kutengenezwa ikawekwa mahali pake. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo iliwekwa London na Harold Ridley mwaka 1949. Kwa miaka mingi zilikuwa ghali, zaidi ya dola 100 moja, hata Wahindi wa Madurai walipoanza kuzitengeneza mwaka 1992, na watu wa Kathmandu nao baadaye, bei ikashuka chini ya dola 10. Mwaka 2007 madaktari wa Nepal waliilinganisha kazi ya mkono na ile ya mashine ya mawimbi ya sauti: macho yaliona karibu sawa, nayo ya mkono ilikuwa ya upesi na ya gharama ndogo. Kisha Wafaransa waliilinganisha mashine hiyo na leza kwa wagonjwa wapatao 900 katika hospitali tano, wakatangaza mwaka 2020 kwamba leza haikuwashinda wenzake kwa lolote ila kwa gharama. Basi anayemwuzia bibi yetu leza ya mtoto wa jicho amwuzia jina. Ikiwa miaka baadaye utando ulio nyuma ya lenzi mpya utaingia ukungu, hapo leza ndiyo tiba yake, nayo ni kazi ya dakika chache.

Imebaki leza ambayo kwa ajili yake ningemshauri mjomba afungue mfuko bila kusita, nayo ndiyo watu wasiyoiuliza. Uko ugonjwa wa presha ya macho, uitwao glakoma. Maji yaliyomo ndani ya jicho yakikosa njia njema ya kutokea, jicho hukaza, na mshipa wa fahamu upelekao picha ubongoni hufa kidogo kidogo. Kwa walio wengi hauumi. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa, si kwa kisu, wala si kwa leza. Iwezekanayo ni kukilinda kilichobaki. Tiba iliyozoewa ni matone, kila siku, maisha yote. Na sasa mfikirini mgonjwa wa Msimbati masika, chupa imekwisha, barabara ni tope, na duka la dawa li mjini. Ataruka wiki moja, kisha miezi miwili, na kwa kuwa haumwi, ataacha.

Katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na ambayo Walutheri walishirikiana na makanisa mengine kuianzisha, jambo hili lilipimwa kwa Watanzania wenyewe. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura, hawa wapewe matone, hawa leza ifunguayo njia ya maji ndani ya jicho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu katika macho 31 kwa kila 100 ya wenye matone, na macho 61 kwa kila 100 ya wenye leza. Baadhi walihitaji kurudiwa, wala mwenye kutibiwa hivyo asiache kupimwa, maana nguvu yake hupungua kwa miaka. Lakini haimtegemei mgonjwa kukumbuka kila asubuhi, wala haingoji barabara ikauke.

Toka Mtwara hata Moshi ni zaidi ya kilometa 1,000, pamoja na nauli ya msindikizaji na siku za kulala. Sitaki mtu auze korosho zake kwa kangomba kabla ya msimu, wala aiweke mikorosho rehani, kwa ajili ya kuvua miwani. Kwa safari hii ya glakoma, daktari akiisha kupima na kusema inafaa, ukoo na ukae, uchange, hata ikilazimu kuuza mbuzi.

Asianze Moshi, lakini. Aanze Ligula, katika hospitali ya mkoa, aulize kupimwa presha ya macho. Na kwanza waende walio na zaidi ya miaka 40, ambao baba au mama au ndugu wa tumbo moja alipofushwa na ugonjwa huo, kwa maana hutembea katika damu. Kabla ya kuondoka nyumbani afunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Wako waliogundua hivyo kwamba jicho moja lilikuwa limezimika zamani, nao hawakujua, kwa sababu lililobaki lilikuwa likiwaonea kwa yote mawili.