NANI ALIKUSHIKA MGONGONI?

Usiikunje karatasi hii ukaitia mfukoni. Soma kwanza. Dakika tano tu.

Nakuuliza swali: baiskeli nani alikufundisha? Vijana wengi wa Same, kuanzia mjini mpaka Kisiwani, Maore na Ndungu, watajibu, "Nilijifunza mwenyewe." Baba hakuwepo, au alikuwepo lakini hana muda. Mjomba akilala mchana unaichukua Phoenix yake kimyakimya. Siti iko juu huifikii, basi unapitisha mguu katikati ya fremu, unakwenda upandeupande kama kaa. Ukaanguka kwenye miiba, goti likachubuka, na jioni ukachapwa juu yake. Kovu la goti unalo mpaka leo. Na liko kovu lingine ndani, ambalo watu hawalioni.

Sasa sikia. Nyumbani kwenu yuko mdogo wako, au mtoto wa dada yako, ana miaka mitano au sita. Anakutazama kila siku. Je, naye ajifunze kwa kuanguka peke yake? Au atapata mtu wa kumshika?

MFUNDISHE HIVI

Kwanza, mahali. Usimpeleke kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Basi halimjui mtoto. Na kama kwenu ni huko juu Mbaga, Suji au Vudee, usimwanzishie kwenye mteremko. Tafuta uwanja wa shule ulio tambarare, asubuhi jua halijawa kali. Pita kwanza uokote miiba.

Pili, baiskeli iwe ya kimo chake. Shusha siti mpaka nyayo zake zote mbili zikanyage chini. Halafu zifungue pedeli uzitoe. Ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa, lakini ya kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Usiilazimishe ukaharibu meno yake. Unacheka? Usicheke! Mashine ya Karl von Drais wa Ujerumani, ile ya mwaka 1817 ambayo ndiyo mama wa baiskeli, haikuwa na pedeli. Mtu alikaa juu yake akasukuma ardhi kwa miguu. Mtoto naye asukume hivyo hivyo, mpaka aweze kuinua miguu na kuteleza bila kuanguka. Hapo amepata balansi. Mfundishe breki, ndipo umrudishie pedeli.

Tatu, usimshikie usukani. Hapo wengi hukosea. Ukishika usukani unaendesha wewe, yeye hajifunzi kitu. Mshike mgongoni au kwapani, ukimbie naye. Mwambie, "Tazama mbele, usitazame gurudumu!" Baiskeli hufuata macho.

Nne, na hili ulishike sana. Baiskeli ikilalia kushoto, hofu itamwambia avute usukani kulia. Akifanya hivyo anakwenda chini! Mwambie ageuze kidogo kushoto, upande uleule anaoangukia. Ndipo magurudumu yanarudi chini ya uzito wake, naye anasimama wima.

Tano, mkono wako uwe mwepesi kidogo kidogo, mwisho uachie. Lakini usiache kukimbia kando yake. Akianguka usimchape, wala usimcheke. Mwinue, mpanguse vumbi, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, umwulize, "Tena?" Akichoka, iwe kesho.

NA WEWE JE?

Kasome Hosea sura ya 11. Utamkuta Mungu anasema kama mzazi aliyemfundisha mtoto wake kutembea, akimshika mikono. Mtoto akakua, akasahau ni nani aliyemshika.

Wewe unasema maisha umejifunza mwenyewe. Hebu fikiri! Ule ugonjwa wa utotoni, nani alikuinua? Ile gari iliyokukosakosa je? Mungu hakukushikia usukani. Alikuachia uchague njia. Lakini hajaacha kukimbia kando yako hata siku moja.

Na leo umelala upande, unajua mwenyewe. Kwako ni mirungi? Ni gongo? Ni kamari iliyokula ada ya mdogo wako? Unajua unakoangukia. Hofu inakwambia uvute usukani kule kwingine: ficha, hama mji, badilisha laini ya simu. Ndugu yangu, ndivyo watu wanavyokwenda chini! Geuka uelekee palepale. Anayekudai, mfuate. Mama uliyemwibia, mwambie. Dhambi yako itaje kwa jina lake mbele za Mungu. Hiyo ndiyo toba. Inatisha, lakini ndipo mtu anaposimama wima.

Wala usikae kijiweni ukisema, "Nitakuja nikiwa mwema." Baiskeli isiyokwenda haisimami, huanguka. Anza leo, hata kama unayumba.

Sema kwa kinywa chako mwenyewe: Bwana Yesu, hapa ndipo ninapoangukia. Sifichi tena. Wewe ndiwe uliyenishika tangu utoto, nami sikukujua. Nisamehe, niinue, nifundishe tena. Amina.

Umesema? Basi amka. Anza na yule anayekudai. Ukitoka kwake, pitia kwa fundi baiskeli akuazime spana namba 15, umtafute mdogo wako. Usimhubirie kwanza. Mshike mgongoni, ukimbie naye. Siku moja atakuuliza wewe nani alikushika, nawe utakuwa na jibu la kumpa.

Ubarikiwe.