Namba za Kweli, Ushahidi wa Uongo

Amri ya nane, kwa hesabu ya Wakatoliki na Walutheri, madhehebu yenye mizizi mirefu katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi huielewa kana kwamba uongo lazima uwe neno lisilo la kweli. Lakini shahidi anaweza kula kiapo, akasema kweli tupu, na bado akampotosha hakimu: anataja alichokiona, ananyamazia kilichokisababisha. Hivyo ndivyo, kwa maoni yangu, magazeti, redio na televisheni zetu zinavyoisimulia shule. Tazama matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni ziro, na taifa likaombolezea kizazi kilichofeli. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta matokeo yale ili alama zipangwe upya. Hakuna mtoto aliyeandika tena hata nukta moja. Karatasi zilikuwa zilezile, ila maelfu walitoka upande wa waliofeli wakaingia upande wa waliofaulu. Basi Februari tulisomewa nini? Tulisomewa kipimo, tukadhani tumesomewa watoto.

Katika Mbulu na Hanang kosa hilo linauma zaidi. Huko zinakutana lugha zisizo na undugu hata kidogo: Kiiraqw cha ukoo wa Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana popote, pamoja na lugha za Kibantu. Mtoto wa Kihadzabe wa Yaeda Chini anaweza kuingia darasa la kwanza akijifunza Kiswahili wakati uleule anapofundishwa kusoma kwa Kiswahili. Akivuka kwenda sekondari, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Halafu anapimwa kwa mtihani mmoja na mtoto wa Masaki, mtaa wa wenye nacho jijini Dar es Salaam, aliyekikuta Kiingereza chekechea. Mtihani mmoja sina ugomvi nao, taifa lazima liwe na mizani yake. Ugomvi wangu ni na maneno yanayobandikwa chini ya namba, kwamba jamii fulani “haithamini elimu”. Wabarabaig, wafugaji wanaozungumza Kidatoga, wameyasikia sana hayo. Lakini mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO huko Hanang, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada, yalimeza takriban ekari 100,000 za ardhi yao ya malisho, na familia nyingi zikaswaga mifugo kwenda mbali. Dawati lililoachwa tupu na mtoto wa familia kama hizo ni ukweli. Kudai kwamba mzazi ameliacha tupu kwa dharau ni tafsiri, na mara nyingi hutolewa na mtu ambaye hakumuuliza mzazi huyo.

Nitajibiwa kwamba vyombo vya habari vikinyamaza, uozo utafichika, na kwamba bila kelele za 2013 huenda tume ya Pinda isingeundwa. Hilo ni kweli, nami siombi ukimya, wala sifa za uongo kwa shule mbovu. Lakini kelele zilitosha kuanzisha uchunguzi tu. Sababu zilibidi zitafutwe na watu wengine. Wengine watasema mwandishi ana dakika mbili za taarifa na hawezi kusimulia historia ya ardhi kila matokeo yanapotoka. Hoja hii naiona dhaifu. Kwa miaka mingi nafasi ilipatikana ya kusoma majina ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora (tangazo la bure kwa shule zinazochuja wanafunzi kabla ya kuwapokea), mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kuyatangaza Januari 2023. Nafasi iliyokuwa ya majina hayo inatosha sentensi mbili: watoto hawa walifundishwa kwa lugha gani tangu darasa la kwanza, na katika miaka minne ya sekondari walikuwa na mwalimu wa hisabati kwa miezi mingapi.