MNGURUMO ULE UTAKUFUATA MPAKA LINI?

Rafiki kijana, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Tope likazolewa. Barabara zikafunguliwa. Lakini nani atazoa sauti iliyobaki masikioni? Jicho lina kope, unaweza kulifumba. Sikio halina kope! Mtu aliyepita kwenye janga kama lile, lori likinguruma usiku anaruka kitandani. Mvua ikigonga bati, moyo unakwenda mbio na jasho linamtoka, hata kabla hajafikiri.

Huyo si kichaa, wala si mwoga. Mwili umeumbwa ukumbuke hatari. Ubongo huifunga sauti pamoja na hofu, na sauti ikirudi, hofu nayo inarudi, hata kama hatari imekwisha pita.

NA WEWE JE?

Labda hukuwa Hanang. Labda kwako ni mafuriko, au tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016. Sasa unafanya nini ili usisikie? Unafungulia muziki mpaka spika zinakoroma? Unakunywa? Unavuta bangi kijiweni na washikaji? Haya, asubuhi pombe imekwisha kichwani, na wingu jeusi limetanda tena. Utakimbilia wapi?

WALIOKUFA WALIKUWA WAOVU KULIKO SISI?

Hapana! Soma Luka 13:4-5. Mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Kwa hiyo usimwambie mfiwa kwamba ndugu yake aliadhibiwa. Lakini Yesu aliwageukia waliobaki hai akawataka watubu. Ndugu yangu, wewe umebaki. Umebaki kwa ajili ya nini?

IKO SAUTI NYINGINE

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa amechoka mpaka akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akampa mkate na maji. Kisha ukaja upepo wa kupasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto. Bwana hakuwemo humo! Baada ya hayo yote ikaja sauti ya chini, ya upole, ikimwuliza anafanya nini pale.

Sauti hiyo inakuuliza na wewe leo.

Sikudanganyi. Ukiokoka leo, huenda mvua ya kesho ikakushtua bado. Lakini hutashtuka peke yako. Yesu atakuwa chumbani humo pamoja nawe. Na usione haya kumweleza mtu mzima unayemwamini, au kwenda hospitali kama usingizi umekukimbia. Eliya naye alihitaji mkate na usingizi.

OMBA HIVI KWA IMANI

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekimbia vya kutosha. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu. Hofu inaponiita, niite wewe kwa sauti kubwa zaidi. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Umeomba? Basi usiondoke kimyakimya. Njoo mbele ya jukwaa, watumishi wa Mungu wanakungoja. YESU ANAKUPENDA!