Mtoki Usiovimba

Katika nchi ya Wanyamwezi, ambako katika karne ya 19 wapagazi walikwenda kwa miguu kutoka Tabora hata Bagamoyo, si jambo geni kwamba kidonda cha wayo huzaa mtoki kinenani. Elimu ya tiba imelichukua jambo hilo na kulifanya swali: mtoki ambao haujavimba bado, je, ni haki kuutafuta kwa kisu?

Melanoma ni saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi aghalabu huota wayoni, mahali pasipochomwa na jua. (Saratani ziwasumbuazo zaidi watu wenye ualbino ni za namna nyingine, na chanzo chake ni jua.) Ikienea, mara nyingi hufuata mishipa ya limfu mpaka tezi ya kwanza njiani. Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake huko Marekani walieleza namna ya kuijua tezi hiyo: rangi ya buluu hudungwa penye ugonjwa, na tezi ipatayo rangi kwanza hukatwa ikapimwa. Wengi wa wakatwao hukutwa tezi zao ni salama.

Hapo ndipo penye shaka. Utafiti wa Morton uliomalizika kutangazwa mwaka 2014 uliwalinganisha waliokatwa tezi na waliongojwa tu. Wakihesabiwa wote pamoja, vifo vya melanoma havikupishana. Kisu, basi, huleta habari zaidi ya uzima. Je, habari ni malipo ya kutosha kwa jeraha?

Penye dawa mpya ziamshazo kinga ya mwili jibu ni jepesi, maana habari hufungua mlango wa dawa. Lakini na achukuliwe mkulima wa tumbaku wa Usoke, magharibi ya Tabora, ambaye dawa hizo hazifikii. Wako wasemao asikatwe, kwani ni ukatili kumwonyesha mtu shimo asiloweza kulikwepa. Hoja hiyo ina huruma usoni na jeuri moyoni: yamhesabu maskini kuwa hastahili kujua. Mwenye watoto, shamba na deni la mbolea ana mengi ya kupanga, na habari za siku zake ni mali yake. Hata hivyo, mguu uliotolewa tezi waweza kuvimba, naye huishi kwa miguu yake. Kwa hiyo hapana budi aulizwe kabla ya kisu: akijua, atafanya nini? Akijibu kwamba hatafanya lolote, aachwe na tezi yake.

Lakini mjadala huu wote wamdhania mgonjwa aliyewahi. Afikaye Bugando, Mwanza, huku mtoki umekwisha vimba hahitaji kutafutiwa. Sindano yatosha kuupima. Doa jeusi lilikuwapo wayoni tangu zamani. Alikwenda zahanati kwa homa, akatibiwa homa, wala hakuambiwa avue viatu.