Sinia la Mgeni na Haki ya Jirani

Kumkirimu mgeni ni katika imani. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ameifungamanisha karama hiyo na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, wala hatumjui Muislamu wa pwani asiyeijua amri hii. Popote tulipohamia tumekwenda nayo, hata Kitale, chini ya Mlima Elgon: wageni wafikapo asubuhi hutandikwa jamvi, likaletwa sinia la staftahi lenye vya chumvi na vya sukari pamoja.

Sinia hilo ni jambo jema, na lina adabu yake. Mbaazi za nazi huwekwa katikati ndani ya bakuli la kina, na mahamri yakazungushwa kandoni mwake. Sambusa, bajia na viazi karai hukaa upande mmoja. Vitumbua na halua upande wa pili, na kaimati zikapewa sahani yao mbali, ili shira isiloweshe vya chumvi. Tende na ndizi mbivu hujaza nafasi, kisha sinia hufunikwa kawa. Kahawa chungu huja mwisho, kwani uchungu wake ndio ukatao utamu wa halua.

Lakini siku hizi twaona sinia limeacha kuwa karama, limekuwa mashindano. Mwenye nyumba hukopa dukani ili asishindwe na mwenziwe. Nusu ya chakula hurudi jikoni, na kesho yake hutupwa. Hiyo ni takalufu na israfu. Salman Al-Farsy (R.A.) alipofikiwa na wageni aliwaandalia mkate na chumvi, akawaeleza kuwa Mtume amekataza kujikalifisha kwa ajili ya mgeni.

Na tumtazame Nabii Ibrahim (A.S.) katika Sura ya Adh-Dhariyat. Hakuwauliza wageni watakula nini. Alijiendea kimya kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona, akawasogezea. Alitoa kizuri katika alichokuwa nacho, wala hakujionyesha.

Iko na haki nyingine tunayoisahau. Katika mji huo huo wa Kitale upo mtaa wa Kipsongo, wakaamo wanyonge wengi, miongoni mwao Waturkana waliotolewa makwao na ukame. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na hata hivyo wamo humo walalao na njaa. Harufu ya sambusa haizuiwi na mlango. Humfikia jirani kabla ya mgeni kukaa. Mtume alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi auongeze maji, awakumbuke jirani zake. Wala mtu asiseme, "Jirani yangu si Muislamu." Abdalla bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa.

Basi shauri letu ni hili. Pimeni sinia kwa idadi ya vinywa: kwa wageni 6, mahamri 12 na sambusa 12 ni karama tosha. Na kabla ya kufunika kawa, itolewe sahani ya jirani, naye apelekewe kingali moto. Asingojeshwe makombo.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono mikunjufu isiyo na ria, na avibariki vyakula vyetu. Amin.