Mikono Iliyotoka Katika Matofali

Somo: Kutoka 31:1–17



Mlango wa thelathini na moja wa kitabu cha Kutoka husomwa upesi na watu wengi. Umekaa baada ya vipimo vya mbao na mapazia, na msomaji ataka kufika katika habari ya ndama ya dhahabu. Lakini tusimame hapa kidogo. Mungu amwita mtu kwa jina lake, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila ya Yuda, naye amjaza Roho yake. Wala si ili awe nabii, wala kuhani, wala jemadari wa vita, bali apate kuchonga miti, na kukata vito, na kufua dhahabu na fedha na shaba.

Sasa na tuulize: mtu huyu alitoka wapi? Alitoka Misri pamoja na ndugu zake. Na huko Misri kazi ya watu wake ilikuwa nini? Kufyatua matofali. Maandiko hayasemi kama Bezaleli mwenyewe alikanyaga udongo. Lakini twajua kwamba taifa lake lote lilitiwa katika kazi hiyo, na hesabu ya matofali ilidaiwa kila jioni. Farao aliiona mikono elfu nyingi, na katika yote hakuona kitu ila tofali. Kazi ya matofali ilipokoma, watu wakiwa jangwani bila mshahara na bila masufuria ya nyama, ndipo Mungu alipoonyesha kilichokuwamo katika mikono ile.

Nayaandika haya kwa ajili ya nyumba nyingi katika sharika zetu za Kinondoni na Temeke, ambazo kazi ya baba au ya mama imekoma katikati ya umri: si ujana, ambapo mtu aweza kuanza upya bila aibu, wala si uzee, ambapo mtu hupumzika kwa heshima. Mtu wa miaka 45 au 50 aachishwaye kazi hana jina. Kijana akikaa nyumbani, twasema anatafuta. Mzee akikaa nyumbani, twasema amestaafu. Huyu wa katikati twasema nini juu yake?

Namjua mmoja, naye ameniruhusu kuandika mradi nisimtaje. Anakaa upande wa Mbagala. Alikuwa karani wa ghala kwa miaka 21. Siku moja watu kadhaa wakaitwa ofisini, wakapewa barua, wakaambiwa kazi imekwisha. Alikuwa na miaka 48 na watoto wanne. Kesho yake akaamka saa kumi na moja kama desturi yake, akavaa shati lililopigwa pasi, akachukua mkoba, akaondoka. Hakuwa na mahali pa kwenda. Alipanda daladala hata mjini, akaketi karibu na kivuko cha Magogoni, akaitazama pantoni ikienda Kigamboni na kurudi, hata saa kumi za jioni. Ndipo akarudi nyumbani pamoja na watu watokao kazini. Akafanya hivyo miezi mitatu, ili watoto wake wasijue.

Mkewe alijua katika juma la kwanza. Viatu vya karani wa ghala havirudi na mchanga wa pwani. Wala hakusema neno. Aliendelea kuamka saa tisa za usiku kukaanga vitumbua vyake vya kuuza, na kila jioni alilipiga pasi lile shati, kwa kuwa aliona ya kwamba shati lile ndilo lililobaki kumshika mumewe asianguke.

Hatimaye mtu huyu alikuja kwangu, na hapo mimi mchungaji nalikosea. Nalimwandikia barua mbili za kumsifu kwa watu niliowajua, nikaomba pamoja naye, kisha nikamwambia asikubali kukaa nyumbani kama mwanamke. Neno hili lilinitoka kinywani mwangu mwenyewe. Nalimwongezea tofali moja juu ya kichwa chake, nami nalidhani namfariji.

Kilichomsaidia si maneno yangu. Siku ya Jumamosi mbuzi ya nazi ya mkewe ilivunjika mguu, na bila mbuzi hapana tui, na bila tui hapana vitumbua. Mtu huyu alizaliwa Uzaramo, upande wa Maneromango, na babu yake alikuwa mchongaji. Wazaramo wanajulikana tangu zamani kwa kuchonga. Sanamu yao iitwayo mwana hiti imewekwa hata katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Naye alipokuwa mtoto alikuwa akimshikia babu yake vipande vya mti, na mara nyingine kupewa tezo. Kisha akapelekwa shule, akawa karani, akasahau. Siku ile aliazima tezo kwa jirani, akatafuta kipande cha mwembe uliokatwa, akakaa uani tangu asubuhi hata magharibi. Akatengeneza mbuzi mpya, na shingo yake, pale panapotiwa chuma, akaichonga mfano wa shingo ya bata. Hapakuwa na haja ya bata. Nazi hukunika vilevile bila bata. Lakini mkono ulikumbuka.

Mkewe akaikalia, akakuna nazi mbili. Hakusifu. Akasema tu, “Baba watoto, kesho kutwa usipande daladala.”

Jambo hili si geni katika mji huu. Wengi wenu mmeona zile picha za rangi kali, chui na tembo na ndege, ambazo huitwa tingatinga. Jina hilo ni la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Nchi ilipopata uhuru, yule bwana akaenda zake, na Tingatinga akabaki bila kazi, akaishi kwa vibarua na biashara ndogo ndogo. Mwaka 1968, akiwa na miaka ipatayo 36, alianza kuchora. Hakuwa na shule ya uchoraji wala vyombo vya wachoraji. Alichukua ubao mwembamba wa kujengea na rangi ya kawaida ya dukani, ile ing’aayo, akachora wanyama, na picha zake zikauzwa penye Morogoro Stores, Oysterbay. Ndugu zake na jamaa zake walimzunguka, naye akawafundisha. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi, waliomdhania kuwa mhalifu akimbiaye. Alichora kwa muda wa miaka minne tu. Lakini wale aliowafundisha waliendelea na kazi, wakawafundisha wengine, na hata leo picha hizo zinachorwa na kuuzwa mahali pale pale.

Simtaji kama mtakatifu, wala sijui moyo wake. Namtaja kwa sababu ya neno lililo katika Kutoka 35:34, ambalo twalipita bila kuliona: Mungu hakumpa Bezaleli ufundi peke yake, bali alitia moyoni mwake kuwafundisha wengine. Karama iliyofichwa chini ya matofali ikitoka, haitoki kwa ajili ya mtu mmoja. Hutafuta mtoto wa kumshikia kipande cha mti.

Basi nyumba ifanye nini? Kwanza iache kusema lugha ya Farao. Watu wa Israeli walipoomba ruhusa waende kumwabudu Mungu wao, Farao aliwaita wavivu (Kutoka 5:17). Kwa Farao, mtu asiyehesabiwa matofali ni mvivu tu. Nasi twalisema neno hilo barazani, na kwenye bomba la maji, na hata katika kamati za usharika, tukisoma orodha ya ahadi na kulikuta jina lisilolipa. Watoto hulisikia. Kijana mkubwa wa yule karani aliona haya. Akawaambia wenzake kwamba baba yake yuko likizo. Likizo ilipopita miezi minane, akaacha kuwaleta wenzake nyumbani.

Tena, nyumba isidhani ya kuwa kazi ya nyumbani humshusha mwanamume. Dokta Martin Luther aliandika juu ya ndoa mwaka 1522, akanena habari ya baba afuaye nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka; naye asema kwamba Mungu, pamoja na malaika zake wote, amfurahia baba huyo, si kwa sababu ya nepi, bali kwa sababu afanya hivyo kwa imani. Kama ningalikumbuka maneno hayo siku ile, nisingalimwambia ndugu yangu asikae nyumbani kama mwanamke. Tena Luther alijua maana ya kuondolewa kazini. Tangu Mei 1521 hata Machi 1522 alifichwa katika ngome ya Wartburg, mbali na darasa lake na mimbara yake, amefuga ndevu na kuvaa kama askari wa farasi, mtu wa miaka 37 aliyewalalamikia rafiki zake katika barua kwamba amekaa bure na mwili waugua. Katika kukaa bure huko alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, kwa majuma yapatayo kumi na moja. Likachapwa Septemba 1522.

Lakini nisije nikawadanganya. Mlango wa 31 wafuatwa na wa 32. Watu wale wale, dhahabu ile ile, jangwa lile lile. Musa akakawia mlimani, nao wakachoka kungoja, wakafanya ndama. Kungoja ndiko kulikozaa ndama. Ndama za siku hizi tunazijua. Ziko katika vibanda vya kubahatisha mipira, ambako mtu huingia na fedha ya unga akatoka na karatasi. Ziko katika chupa. Ziko pia katika ile mikutano ya maombi iahidiyo kazi kwa kila atoaye sadaka nene. Mtu asiye na kazi huona mchana ni mrefu mno, na mchana mrefu hutafuta kitu cha kushika. Afadhali ashike tezo, au jembe, au sindano, au kinanda cha kanisa ambacho hakuna akipigaye.

Tena sisemi kwamba karama italipa ada ya shule. Mbuzi za yule ndugu yetu ziliuzwa, naam. Majirani walipenda ule mfano wa bata, wakataka na wao. Lakini mbuzi moja hukaa katika nyumba miaka kumi, na uswahilini watu hawanunui mbuzi kila mwezi. Vitumbua vya mkewe ndivyo vilivyolipa ada, na bado havikutosha, hata binti wa pili akakaa nyumbani muhula mmoja. Wazee wa usharika waliposikia walichanga. Ndiyo kazi yao. Wake wengi wa Temeke na Kinondoni wamezibeba nyumba zao kwa namna hiyo tangu ile miaka ya 1980, mshahara wa serikali ulipokuwa haumalizi mwezi, na sijasikia mahubiri mengi ya kuwashukuru.

Sasa tazameni neno la mwisho la somo letu. Mungu akiisha kumtaja Bezaleli na Oholiabu na kuwapa kazi kubwa ya hema, mara hiyo, katika mlango uo huo, anena habari za Sabato. Hata kazi ya hema takatifu ina siku ya kukoma. Misri hapakuwa na siku ya namna hiyo. Nimewauliza wazee waliokuwa makarani, mafundi, na walimu: katika miaka 20 au 30 ya kazi, ni lini ulikaa na mtoto wako mchana kutwa bila kutazama saa? Wengi walinyamaza. Yule karani alinijibu kwamba hakujua mtoto wake mdogo anatumia mkono wa kushoto, hata siku alipomwona ameshika msasa.

Nanyi walimu wa Injili, mnaokwenda nyumba kwa nyumba, mkimkuta mtu wa namna hii msianze kwa kuuliza kama amepata kazi. Ameulizwa na wote. Mwulizeni alipokuwa mtoto alipenda kufanya nini kwa mikono yake. Kisha mngoje, maana jibu hukawia.

Juzi nalipita Mbagala baada ya ibada ya jioni. Nalimkuta ndugu yetu uani, ameketi juu ya gunia, vumbi la mti katika nywele zake ambazo sasa zina mvi. Akaniuliza kama yule bwana niliyempelekea barua amejibu. Nikamwambia bado. Mkewe akaleta chai na vitumbua viwili. Mtoto wake mdogo, yule wa mkono wa kushoto, alikuwa na mbuzi mpya mapajani akiipaka mafuta kwa kitambaa, akanigeuzia shingo yake akasema, “Mchungaji, huyu ni bata au korongo?” Nikaitazama sana, nikashindwa kujibu. Baba yake akasema tungoje, mtoto bado hajamtia jicho.